Ukuta wa Nyuma ya Kitanda

Haya alinisimulia mjukuu wangu Kalunde mwenyewe, mwezi wa sita mwaka huu, alipokuja kwangu Nzega kwa likizo. Tulikuwa uani tunakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Alikuwa anakata, anasema, anakata tena, macho yake yako kwenye kisu. Mimi sikumkatiza. Ninayaandika kama alivyoyasema, ila pale alipolia nimeruka.

Kalunde ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Anakaa Tabora mjini, mtaa wa Mtendeni, pamoja na baba yake, Sabiri, na mama yake, ambaye ni binti yangu. Humo humo anakaa bibi yake mzaa baba, Bibi Nyamizi. Nyumba yao ni ya zamani, ya matofali ya udongo, yenye kuta nene. Upande mmoja imegusana na ghala la Mama Taramati, mwenye duka la nafaka. Ukuta ni mmoja tu: huku chumba cha Bibi Nyamizi, kule magunia ya mchele.

Kila asubuhi Kalunde huamka, hufagia uani, huteka maji bombani, hunywa chai, kisha huenda shule. Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, babu yake, mzee Selemani, alipofariki. Baada ya mazishi Bibi Nyamizi akaingia eda. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hutulia nyumbani kwake miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, wala hatoki bila sababu.

Aliyepanga mambo yote ya eda ile alikuwa Shangazi Tanzila, dada mkubwa wa baba yake Kalunde, aliyekuja kutoka Isikizya. Chumba cha Bibi Nyamizi kina dirisha moja, nalo linatazama uchochoro ambao wanaume hupita wakienda msikitini.

"Mama hatachunguliwa na kila mpita njia," alisema Shangazi Tanzila. Akachukua nailoni na gunia, akavipigilia misumari dirishani, juu na chini, kushoto na kulia.

Bafu liko uani, na uani kuna wapangaji wanaume wawili. Shangazi akasema, "Ataoga humu humu chumbani, kwenye beseni. Na nguo zake zisianikwe nje wanaume wakazitazama. Fungeni kamba hapa ndani."

Hakuna aliyebisha. Baba yake Kalunde alikuwa na msiba wake, na dada ni mkubwa. Wala hakuna aliyemuuliza Bibi Nyamizi anataka nini.

Mama yake Kalunde aliona kwamba chumba kikifungwa namna ile wakati wa mvua kitakuwa na unyevu. Kwa hiyo akampa binti yake kazi. "Kila siku utatoa maji ya kuoga, ukaushe sakafu. Utafuta ukuta wa nyuma ya kitanda kwa kitambaa kikavu. Jua likitoka, utoe godoro na lile sanduku la bati, uvianike kwenye baraza la nyuma. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mwezi wa kumi na mbili wote Kalunde aliifanya kazi ile vizuri. Shule zilikuwa zimefungwa. Bibi Nyamizi ana mtoto wa jicho, haoni mbali, lakini alikuwa akisikia kitambaa kinavyopita ukutani na kucheka. "Sugua, mayu, sugua! Ukuta huu una miaka mingi kuliko mimi, haujawahi kuogeshwa hivi." Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na ndivyo alivyopenda kumwita.

Shule zilipofunguliwa, Kalunde akachaguliwa timu ya netiboli. Alikuwa mfungaji. Mazoezi yalianza saa kumi, saa ile ile ambayo jua la masika hujitokeza kidogo. Siku ya kwanza aliwaambia wenzake kwamba lazima awahi nyumbani.

"Kwani na wewe uko eda?" aliuliza rafiki yake Julieth, na wote wakacheka. "Jamani, tumtafutie Kalunde shuka jeupe! Mume wake amefariki akiwa darasa la ngapi?"

"Nyamaza wewe!"

"Basi njoo ucheze, mjane."

Siku ile alicheza. Aliporudi jua lilikuwa limezama, na godoro halikutoka.

"Umeanika godoro, mayu?" aliuliza bibi.

"Nimeanika, bibi."

Bibi Nyamizi akalipapasa. "Mbona ni la baridi?"

"Jua lilikuwa dogo."

Bibi akaridhika. Kalunde aliniambia kwamba uongo ule wa kwanza ulimtia hofu, akalala vibaya. Wa pili haukumtia hofu sana. Baada ya hapo hakukumbuka tena kuhesabu.

Wiki mbili zikapita. Maji ya kuoga aliyatoa, maana yangeonekana. Sakafu aliifuta juujuu. Ukuta hakuugusa. Mvua ilinyesha karibu kila siku, na nguo mbichi zilining'inia kambani zikitoa mvuke wake humo humo ndani.

Siku moja pini yake ya nywele iliangukia nyuma ya kitanda. Akakisogeza. Ukuta ulikuwa na madoadoa meusi, kama mtu amejaza masizi mdomoni akayapuliza. Yalianzia chini, yakapanda mpaka usawa wa mto wa bibi. Karibu na sakafu palikuwa na kitu cheupe chenye manyoya, na sanduku la bati lilikuwa limeegemea papo hapo. Harufu ilikuwa kama ya nguo iliyolowa mvua ikasahauliwa ndani ya mfuko.

Bibi alikuwa ameketi mkekani, amempa mgongo, anavuta tasbihi.

Kalunde akafikiri: nikisema, wataniuliza nilikuwa nafuta nini siku zote hizi. Akachukua kanga kuukuu, akaitundika kwenye misumari miwili juu ya madoa yale, kama pambo. Akarudisha kitanda. Akaenda mazoezini.

Siku chache baadaye, Kalunde akitoka dukani, Mama Taramati alimwita.

"Shikamoo, Mama Taramati."

"Marahaba. Njoo karibu, nisipige kelele mtaa mzima. Gata letu la katikati, lile la kupokea maji ya paa, limepasuka. Maji yanashuka ndani ya ukuta. Upande wangu magunia mawili yamelowa, nimeyasogeza. Upande wenu analala mtu mzima. Mwambie baba yako aje tutazame pamoja. Utasahau?"

"Sisahau."

"Utasahau. Kichwani mwako kuna mpira tu."

Hapa Kalunde aliweka kisu chini. "Bibi," aliniambia, "sikusahau. Nilikumbuka kila siku. Lakini baba angekuja kutazama ukuta, angetoa ile kanga."

Basi ujumbe haukufika.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili Bibi Nyamizi akaanza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, kisha na mchana, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Shangazi Tanzila alipokuja kumjulia hali akasema, "Ni huzuni imekaa kifuani. Atapoa." Akamchemshia tangawizi na asali. Mama yake Kalunde alitaka apelekwe hospitali. Shangazi akasema wasubiri, mtu wa eda hatolewi hovyo. Na gunia la dirishani akalikaza zaidi, baridi isiingie.

Jioni moja Bibi Nyamizi alimshika Kalunde mkono.

"Mayu, macho yangu hayafiki kule nyuma. Nikigeukia ukutani pumzi inakata. Nasikia na harufu. Hebu niangalizie, kuna nini?"

Kalunde alikuwa amesimama pale pale, mkono wake umegusa kanga. Ilikuwa mbichi.

"Hakuna kitu, bibi. Ni safi."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

"Alhamdulillahi. Basi ni uzee wangu tu." Bibi akauachia ule mkono, akageuka, akalala uso ukiwa ukutani.

Jumamosi ya katikati ya mwezi timu yao ilicheza na shule ya jirani, wakashinda. Kalunde alifunga magoli tisa. Wakarudi wanaimba njia nzima, Julieth akipiga debe la maji. Walipofika kona ya Mtendeni, Kalunde akaona bajaji imesimama mlangoni kwao.

Ndani, Bibi Nyamizi alikuwa ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Hakuweza kusema hata neno moja.

"Atatokaje na eda yake?" Shangazi Tanzila alikuwa akilia. "Sabiri, watu watasemaje?"

"Mama anakufa, dada! Nipishe!"

Baba yake Kalunde akambeba mama yake kama mtoto, akapita naye katikati ya wapangaji, uchochoroni, mbele ya wanaume wote waliokuwa wakienda kuswali. Wale wanaume waliinamisha macho, wakamfungulia njia. Hakuna aliyechungulia.

Hospitalini alitiwa hewa kwa mpira wa puani. Saa nyingi zilipita ndipo kifua kikatulia kidogo. Muuguzi mmoja, anaitwa Tekla, alitoka akawakuta wote kwenye benchi.

"Mzee huyu analala wapi?" aliuliza. "Chumba kina dirisha? Kuna ukuta mbichi, kuna harufu?"

"Chumba chake ni kisafi," alijibu Shangazi Tanzila kwa haraka. "Mtoto huyu anakifuta kila siku."

Wote wakamgeukia Kalunde. Alikuwa bado amevaa sketi ya netiboli.

Muuguzi Tekla akachuchumaa mbele yake. "Sikuulizi nikugombeze. Kifua kama kile mara nyingi huchokozwa na ukungu wa ukutani. Vumbi lake halionekani, mtu analivuta akilala. Mimi nitampa dawa. Lakini nikimrudisha kwenye ukungu, ataletwa tena hapa, na safari hiyo huenda tusiwahi. Kwa hiyo niambie. Kuna nini nyuma ya kitanda?"

Kalunde akasema yote: godoro, kitambaa, kanga, jioni ile aliyoulizwa. Na gata.

Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama Taramati alikutuma lini?"

"Mwezi wa kwanza. Wiki ya mwisho."

Baba alisimama, akatoka nje, akasimama kwenye mvua. Hakumpiga. Kalunde aliniambia ni afadhali angempiga.

Kesho yake kazi ikaanza. Muuguzi Tekla alikuwa amewaeleza namna ya kufanya, na la kwanza lilikuwa kwamba mtoto asiingie mle chumbani, ukungu usije ukamdhuru na yeye. Kwa hiyo Kalunde aliona yote kutoka uani.

Kabla ya kugusa ukuta, baba yake na Mama Taramati walitafuta ngazi, wakatengeneza gata. "Mkisafisha maji yakiwa bado yanashuka," Tekla alikuwa amesema, "mtakuwa mnajichosha bure." Mama Taramati alishika ngazi kwa mikono miwili, sari yake ameikaza kiunoni, mdomo haufungi. "Mimi nilidhani umenidharau, Sabiri. Nikasema, jirani gani huyu, anapita dukani ananisalimia, gata halitaji. Kumbe maneno yangu yamekwama kooni mwa mtoto."

Kisha baba na mama yake Kalunde wakafunga barakoa, wakavaa glovu za mpira, wakang'oa gunia na nailoni dirishani. Madoa hawakuyasugua yakiwa makavu, maana vumbi lingeruka. Waliyalowesha kidogo kwanza. Pale ambapo lipu ilikuwa imeliwa, waliikwangua mpaka wakafika kwenye tofali gumu. Paliposalia pazima walipafuta kwa maji ya sabuni, halafu kwa dawa ya klorini iliyotiwa maji, mlango na dirisha vikiwa wazi. Tekla aliwaonya wasiichanganye dawa ile na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, mvuke wake unaweza kuua. Waliuacha ukuta ukauke siku nne nzima, ndipo wakaziba kwa lipu mpya na kupaka chokaa aliyoleta Mama Taramati. Dirishani waliweka wavu, na pazia fupi la kufunika nusu ya chini.

Kalunde alizoa udongo uliofungwa kwenye mifuko, akafua mashuka, akayaanika nje juani. Godoro la sufi lilichomwa moto. Ndani yake lilikuwa jeusi.

Sanduku la bati walilifungua siku ya pili. Lilikuwa na vitu vya marehemu mzee Selemani: kanzu mbili, kofia, na picha yake moja, aliyopigwa siku Shangazi Tanzila alipoolewa. Alikuwa hapendi kupigwa picha, kwa hiyo nyingine hakuna. Kanzu zilikuwa zimeota madoa ya kijani, zinachanika mkononi. Kwenye picha, bibi harusi alionekana, na mabega ya baba yake yalionekana. Pale penye uso wa mzee palikuwa pameliwa, pamebaki weupe.

Shangazi Tanzila aliishika picha ile, akakaa chini kwenye udongo wa uani na nguo zake nzuri. "Misumari ile niliipiga mimi," alisema. Siku ile ile baba yake Kalunde alikuwa amekwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa. Mwalimu alishangaa. Alisema eda inamtaka mjane atulie nyumbani kwake na aache mapambo. Jua na hewa havikukatazwa, na mgonjwa hupelekwa hospitali siku yoyote, eda yake ikiwa pale pale.

Bibi Nyamizi alirudi baada ya siku tisa. Alikuwa amekonda. Alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo asubuhi na jioni, na daktari alisema huenda ataivuta maisha yake yote, maana kifua kile hakitakuwa tena kama zamani. Aliingia chumbani, akanusa chokaa, akakaa kwenye godoro jipya.

"Sanduku langu liko wapi?"

Baba akamtazama Kalunde. "Utamwambia mwenyewe," alikuwa ameshamwambia. Akatoka, akafunga mlango.

Kalunde akapiga magoti, akampa picha, akamweleza. Bibi aliipitishia kidole gumba, polepole, akatafuta mahali ambapo karatasi ilikuwa laini na mahali ilipokwaruza. Alirudia pale palipokwaruza mara nyingi.

"Sura yake nilikuwa siioni vizuri hata hivyo," alisema. "Ila nilikuwa najua iko."

"Nisamehe, bibi."

Bibi alivuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. Maneno yake sasa yalikuja machache machache.

"Sikiliza. Kukosa kuanika godoro ni uvivu wa mtoto. Mpira ni mtamu, ningekusamehe siku ile ile na tungecheka. Ukungu ulipoanza ulikuwa mdogo, mama yako angeuondoa kwa asubuhi moja. Ungesema tu. Kila siku uliyonyamaza, wenyewe ulikuwa unapanda." Akapumzika tena. "Lakini mimi nilikuuliza. Nilikuuliza kwa sababu sioni, nikakufanya wewe ndiye macho yangu. Ukanidanganya mtu nisiyeona."

Kalunde aliinamisha kichwa mpaka kikagusa godoro.

"Nimekusamehe. Mungu anashuhudia. Ila kukuamini bado. Siwezi kujilazimisha. Hiyo ndiyo kazi yako, uifanye kila siku mpaka mwenyewe nije nishangae kwamba nimeacha kukukagua. Utaiweza?"

"Nitaiweza."

"Tutaona."

Jioni ile, baada ya swala ya isha, Kalunde alitandika mkeka wake chini, karibu na kitanda, ambacho sasa kilikuwa kimeachwa hatua moja kutoka ukutani ili hewa ipite. Mama yake alikuwa amemwambia alale humo, asikilize pumzi ya bibi.

"Nimefungua dirisha, bibi," alisema Kalunde. "Na ukuta nimeufuta, ni mkavu."

Bibi Nyamizi alisukuma shuka kando. Aliteremsha miguu, akasimama, akatembea kwa kupapasa. Aliweka kiganja kwenye wavu wa dirisha, akangoja mpaka upepo ukamgusa. Kisha akapitisha mkono ukutani nyuma ya kitanda, kutoka juu mpaka chini, akanusa vidole vyake. Vilikuwa vikavu. Akarudi kitandani, akavuta dawa yake mara mbili, akajifunika, wala hakumwita mayu.

Baba na mama walikuwa wameshalala chumba cha pili. Baada ya muda pumzi ya Bibi Nyamizi ikawa ndefu, yenye filimbi ndogo mwishoni, naye akalala. Kalunde alibaki macho, akiisikiliza filimbi ile ikija na kwenda, ikija na kwenda. Mvua ilipoanza aliinuka, akalichungulia dirisha, akaugusa ukuta tena kwa kiganja. Ulikuwa mkavu. Akarudi mkekani, akajikunja, na hatimaye naye akalala.